Mtoto Aliyeondolewa kwa Wazazi Kukabidhiwa kwa Ndugu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya bibi, babu, shangazi, mjomba, mama mdogo, baba mkubwa, na kaka au dada aliyekwisha kuwa mtu mzima, ambaye ameitwa na afisa ustawi wa jamii, au anatarajia kuitwa, kwa sababu mtoto wa ndugu yake hawezi kwa sasa kuendelea kuishi na wazazi wake. Yanahusu Tanzania Bara, ambako sheria kuu ni Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009, ambayo katika vitabu vya sheria hutajwa kama Sura ya 13. Zanzibar ina sheria yake, Na. 6 ya mwaka 2011, na anayeishi huko anapaswa kufuata utaratibu wa huko.

Watoto wengi nchini wanalelewa na ndugu bila mahakama kuhusika kabisa, na malezi hayo yamewasitiri watoto wengi kuliko taasisi yoyote. Hata hivyo, mtoto aliyeondolewa kwa sababu alikuwa anaumizwa au ametelekezwa ana hali tofauti na mtoto aliyepelekwa kwa bibi ili awe karibu na shule. Ndugu anayempokea mtoto huyo anapokea pamoja naye amri ya mahakama, na kwa maoni yangu ni lazima aielewe amri hiyo kabla mtoto hajavuka kizingiti.

Ni sababu gani zinazofanya mtoto aondolewe kwa wazazi wake?

Kifungu cha 16 cha Sheria ya Mtoto kinaeleza mtoto anayehitaji matunzo na ulinzi. Miongoni mwao ni mtoto yatima au aliyetelekezwa na ndugu zake, mtoto anayetendewa vibaya au asiyejaliwa na mtu anayemlea, mtoto ambaye mzazi au mlezi wake hatoi malezi yanayostahili, mtoto asiye na makazi anayezurura, na mtoto anayeombaomba barabarani. Kuondolewa ni hatua ya mwisho. Mahakama inatakiwa kujiridhisha kwamba njia nyingine za kumsaidia mtoto akiwa nyumbani zimejaribiwa bila mafanikio, au kwamba hatari iliyopo ni kubwa kiasi kwamba hawezi kuachwa hapo hata kwa muda mfupi.

Wengi huuliza kuhusu umaskini. Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala ya watoto, iliyopitishwa na Baraza Kuu mwaka 2009, inasema wazi kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtenga mtoto na wazazi wake, bali uwe ishara kwamba familia inahitaji msaada. Nakubaliana na msimamo huo kwa moyo wote. Mama anayelala na watoto wake watano katika chumba kimoja cha kupanga Manzese au Mabatini hajafanya kosa lolote.

Ni nani mwenye mamlaka ya kumwondoa mtoto?

Mwenye mamlaka ni mahakama, kwa maombi ya afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Pale ambapo hatari ni ya papo hapo, afisa huyo akiwa pamoja na polisi anaweza kumchukua mtoto na kumpeleka mahali salama kwanza, lakini shauri lazima lifikishwe mahakamani ndani ya muda mfupi uliowekwa na sheria. Mashauri haya husikilizwa na Mahakama ya Watoto, mbele ya hakimu mkazi, katika faragha; watazamaji hawaruhusiwi kuingia, na jina la mtoto halitangazwi.

Mwenyekiti wa mtaa, mtendaji wa kata, mwalimu mkuu au kiongozi wa dini hana mamlaka ya kumhamisha mtoto kutoka kwa mzazi na kumkabidhi kwa mtu mwingine, ingawa kila mmoja wao ana wajibu wa kutoa taarifa. Ukiletewa mtoto na yeyote kati yao bila karatasi, mpokee ikiwa yuko hatarini, kisha uende siku hiyo hiyo au kesho yake asubuhi kwa afisa ustawi wa jamii. Ukikaa naye kimya, mzazi anaweza kudai kwamba umemwiba mtoto wake, nawe hutakuwa na cha kuonyesha.

Kwa nini mtoto apelekwe kwa ndugu badala ya makao ya watoto?

Sheria inampa afisa ustawi wa jamii, baada ya mahakama kutoa amri ya matunzo, jukumu la kuamua mahali panapomfaa mtoto zaidi, na inataja sehemu tatu: makao yaliyoidhinishwa, mtu anayefaa aliyeidhinishwa (ambaye wengi humwita mlezi wa kuaminika), au nyumbani kwa mzazi, mlezi au ndugu. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unataka kuzingatia mwendelezo wa makuzi ya mtoto, pamoja na dini yake, lugha yake na utamaduni wake. Kwa kawaida ndugu ndiye anayeweza kutimiza mambo hayo bila kufundishwa. Anajua mtoto aliitwa jina la nani na kwa nini, anajua kwamba haoni vizuri jicho la kushoto, na picha ya mama yake iko ukutani kwake.

Lakini undugu peke yake hautoshi. Kuna nyumba za ndugu ambako mtoto hapaswi kupelekwa kabisa, na afisa anayekataa ombi la ndugu baada ya kuichunguza nyumba yake hajadharau ukoo. Linalotangulia ni maslahi ya mtoto. Haki ya ndugu ya kupewa mtoto haimo katika sheria.

Kwa mila zetu mtoto ni wa ukoo wa baba. Je, bibi mzaa mama anaweza kukabidhiwa?

Ndiyo, anaweza. Swali hili huleta ugomvi mkubwa kuliko mengine yote, kwa hiyo linastahili jibu refu kidogo. Katika jamii nyingi za Kanda ya Ziwa, Kaskazini na Nyanda za Juu Kusini, mtoto huhesabiwa kuwa wa upande wa baba, hasa mahari ikiwa imelipwa, na Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963 liliandika kanuni nyingi za namna hiyo kwa jamii zinazofuata ukoo wa baba. Kwa upande mwingine, miongoni mwa Waluguru, Wamwera, Wamakonde na Wayao, ambao kwa asili hufuata ukoo wa mama, mjomba ndiye mwenye sauti. Ndoa zikivuka makabila, kila upande huja mahakamani na mila yake, na kila upande husema kwa dhati.

Mahakama husikiliza hayo yote, kwa kuwa mila ni sehemu ya maisha ya mtoto, lakini haiamui kwa kigezo hicho. Katika mashauri ya nani akae na mtoto, sheria inataka kuangalia umri wake, umuhimu wa kuwa na mama, maoni yake mwenyewe ikiwa ameyatoa kwa uhuru, umuhimu wa ndugu wa tumbo moja kukaa pamoja, na haja ya kutobadilisha walezi mara kwa mara. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo, katika kifungu cha 125, inaruhusu mahakama kumkabidhi mtoto kwa ndugu wa upande wowote pale ambapo haifai kumwacha kwa baba wala kwa mama. Ikiwa bibi mzaa mama ndiye aliyemlea tangu akiwa na miezi sita, na baba mkubwa hajawahi kumtembelea, mahari haitabadilisha ukweli huo.

Ninachowaomba wazee wa pande zote mbili ni kutomgeuza mtoto kuwa uwanja wa kudaiana ng'ombe. Deni la mahari lina njia zake za kulipwa.

Afisa ustawi wa jamii atachunguza nini nyumbani kwangu?

Atakuja, pengine zaidi ya mara moja, na mara nyingine bila taarifa. Ataangalia mtoto atalala wapi na nani, maji na choo vikoje, chakula kinapatikanaje, shule na zahanati ziko umbali gani. Atauliza kila mtu anayeishi hapo, wakiwemo wapangaji na vijana waliokuja kutafuta kazi, atazungumza na majirani na mwenyekiti wa mtaa au kijiji, na atataka kujua afya yako na kazi yako. Hayo yote ataandika katika taarifa itakayosomwa na hakimu.

Swali ambalo ndugu wengi hulikwepa, na ambalo afisa mzuri hataliacha, ni hili: utafanya nini mzazi wa mtoto, ambaye ni mwanao au dada yako wa damu, akija kumtaka? Jibu la kweli ni bora kuliko jibu la kupendeza. Ukisema kwamba utapata shida kumzuia mwanao, afisa anaweza kupanga ulinzi wa ziada au kukutafutia msaada. Ukiahidi usichoweza, atakayeumia ni mtoto. Na ikiwa mtu aliyemuumiza anaishi au hulala hapo nyumbani, sema tangu mwanzo.

Mimi ni mzee na kipato changu ni kidogo. Je, nitakataliwa?

Uzee na umaskini havikuondoi katika orodha. Bibi wa miaka 68 mwenye bustani ya mchicha na mbuzi wawili anaweza kuwa mlezi bora kuliko mfanyabiashara asiyeshinda nyumbani. Kinachoulizwa ni kama una nguvu za kumlea mtoto wa umri huo, na kama yupo mtu wa pili atakayeshika nafasi yako ukiugua. Mtaje mtu huyo kwa jina, na aje mwenyewe azungumze na afisa.

Nikikabidhiwa mtoto, nakuwa na mamlaka gani?

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Amri ya matunzo inamtoa mtoto katika hali inayomdhuru na kuhamishia haki za mzazi kwa afisa ustawi wa jamii. Hazihamii kwako. Wewe unakuwa na malezi ya kila siku: kumlisha, kumvisha, kumpeleka zahanati akiwa na homa, kusimamia kazi zake za shule, kumfundisha adabu na sala. Mambo makubwa, kama kumhamisha mkoa, kumpeleka shule ya bweni, upasuaji usio wa dharura, au kumrudisha kwa mzazi, yanahitaji idhini ya afisa, na mengine yanahitaji mahakama.

Amri ya uangalizi ni tofauti. Kwa amri hiyo mtoto anabaki mikononi mwa mzazi, mlezi au ndugu, na afisa anakuwa na wajibu wa kutembelea, kushauri na kuhakikisha kwamba hadhuriki. Omba nakala ya amri yako na uulize bila aibu ni ipi kati ya hizo mbili, kwa sababu majibu ya karibu maswali yote yanayofuata hutegemea hilo.

Niulize nini na nipewe nini siku ya kumpokea mtoto?

Watoto hawa mara nyingi hufika jioni, baada ya siku nzima ya polisi, hospitali na ofisi, wakiwa na mfuko mmoja wa plastiki, na ndugu hushughulika na maji ya kuoga na chakula, jambo ambalo ni sahihi. Hata hivyo, kabla afisa hajaondoka, kaeni pamoja kwa nusu saa.

Omba nakala ya amri ya mahakama, au barua ya halmashauri ikiwa amri bado haijatoka. Omba kadi ya kliniki, na uulize waziwazi kama mtoto anatumia dawa zozote za kila siku, za kifafa, selimundu, pumu au VVU, kwa kuwa dozi ikikatika kwa sababu hakuna aliyemwambia bibi, madhara yake ni makubwa. Uliza kama ana fomu ya PF3, ile ya polisi ya kumpeleka hospitali mtu aliyeumizwa, na kama kesi ya jinai imefunguliwa, ili ujue kama ataitwa kutoa ushahidi. Uliza cheti cha kuzaliwa kiko wapi. Kama hakipo, afisa akusaidie kuanza maombi RITA mapema, maana utakihitaji shuleni. Chukua namba ya simu ya afisa, ya mwenyekiti wako na ya Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi kilicho karibu, uziandike kwenye karatasi badala ya kuzihifadhi katika simu tu. Simu huisha chaji.

Nashauri pia kununua daftari la kaunta na kuliandika tangu usiku huo: tarehe, mtoto alivyofika, alama alizo nazo mwilini, alichosema kwa maneno yake mwenyewe. Usimhoji. Andika tu anachosema bila kuulizwa, kwa mfano akikataa kuzima taa au akiuliza kama mlango unafungwa kwa ndani. Miezi sita baadaye, hakimu akiuliza maendeleo yake, daftari hilo litasema kwa uhakika kuliko kumbukumbu yako.

Usishangae akijikojolea kitandani ingawa ana miaka tisa, akificha vipande vya ugali chini ya godoro, au akimlilia mzazi yule yule aliyempiga. Ni mambo ya kawaida kwa mtoto aliyeishi kwa hofu. Usimchape kwa hayo, na usimwambie kwamba mama yake ni mbaya.

Wako watatu wa tumbo moja, nami naweza kumchukua mmoja tu. Tufanyeje?

Sheria na miongozo vyote vinapendelea wakae pamoja. Kabla ya kuwagawa, ukoo ujiulize kama ndugu wengine wanaweza kuchangia chakula na sare ili mmoja wenu awapokee wote. Ikishindikana, wapelekwe nyumba zilizo karibu, wasome shule moja, na siku za kuonana ziandikwe katika mpango wa malezi. Mtoto mkubwa mara nyingi ndiye aliyekuwa mama wa wadogo zake. Kumtenga nao ghafla ni kumwongezea jeraha.

Nitapata msaada wa fedha?

Usimpokee mtoto kwa kutegemea posho ya kila mwezi. Misaada iliyopo ni ya namna nyingine. Mahakama inaweza kuamuru mzazi au mtu mwingine anayewajibika alipie gharama za matunzo, kwa sababu kuondolewa kwa mtoto hakumfutii mzazi wajibu wake. Elimu katika shule za serikali haina ada tangu mwaka 2016 hadi kidato cha nne, na tangu mwaka 2022 hadi kidato cha sita, ingawa sare, madaftari na michango ya chakula hubaki kwako. Ikiwa kaya yako ni maskini, ulizia mpango wa kunusuru kaya maskini wa TASAF katika mkutano wa kijiji au mtaa, na umwombe afisa akuandikie barua kwa ajili ya matibabu.

Naona ni dhuluma kwamba bibi anayeokoa gharama za makao ya watoto anaachwa kuombaomba madaftari. Hadi hapo sera itakapobadilika, ukoo uweke mchango wake kwa maandishi: nani anatoa nini, tarehe ngapi.

Mzazi ana haki ya kumwona mtoto?

Kwa kawaida ndiyo, isipokuwa mahakama imezuia. Mtoto ana haki ya kuendelea kuwa na uhusiano na wazazi wake, na wengi wao watarudi kwao siku moja. Kinachotakiwa ni kuonana kwa utaratibu: siku gani, saa ngapi, wapi, nani awepo. Ikiwa amri inasema waonane mbele ya afisa, basi si sebuleni kwako siku ya Idi au Krismasi, hata kama familia yote imekusanyika na hata kama mama yake analia getini.

Mzazi akija bila ratiba, zungumza naye nje kwa heshima: "Dada, mtoto hajambo, amekula. Siku yako ni Jumamosi ofisini. Twende sote Jumatatu kwa afisa ukamweleze." Akija amelewa au akitumia nguvu, mwingize mtoto ndani, piga simu kwa mwenyekiti na polisi, kisha mjulishe afisa. Akifanikiwa kumchukua, toa taarifa saa hiyo hiyo. Usisubiri kuona kama atamrudisha.

Yako makosa mawili yanayofanywa na ndugu wenye nia njema. La kwanza ni kumrudisha mtoto kimya kimya baada ya mzazi kuomba msamaha. La pili ni kumficha mtoto asionane na mzazi kabisa kwa sababu ya hasira za ukoo. Yote mawili yanavunja amri.

Ukoo umekaa kikao na kuamua yaishe nyumbani. Je, uamuzi huo una nguvu?

Kikao cha ukoo kina kazi nzuri: kumtafuta ndugu anayefaa, kupanga michango, kumkalisha chini mzazi anayekunywa pombe kupita kiasi. Hakina nguvu ya kufuta amri ya mahakama wala kumaliza kosa la jinai. Mtoto akiwa amebakwa au kulawitiwa, faini ya mbuzi au fedha inayolipwa kwa familia haimalizi kesi. Makosa hayo yaliwekewa adhabu kali na sheria maalumu ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, na anayewatisha mashahidi au kumficha mtoto asifike mahakamani anajiingiza katika kosa lingine. Najua jinsi inavyokuwa vigumu pale mtuhumiwa ni baba mdogo au kaka wa familia. Ndiyo maana mtoto asiwekwe katika nyumba ambayo watu wake wanataka abadilishe maneno.

Je, mtoto anaweza kunisaidia kazi za nyumbani?

Anaweza kufagia, kuosha vyombo na kuchota maji kama watoto wako wanavyofanya. Kipimo ni hicho hicho: kama wako wanakwenda tuisheni na yeye anauza karanga stendi, huyo si mtoto uliyekabidhiwa kumlea, ni mtumishi. Sheria inakataza kumwajiri mtoto katika kazi zinazodhuru afya, elimu au makuzi yake, na inakataza adhabu za ukatili na kudhalilisha. Afisa akiuliza, atamuuliza mtoto mwenyewe.

Maoni ya mtoto yanasikilizwa?

Ndiyo, kwa kadiri ya umri na uelewa wake. Mtoto wa miaka 12 anayesema hataki kwenda kwa shangazi fulani aulizwe kwa faragha sababu zake, mbali na shangazi huyo. Mara nyingine sababu ni kwamba hataki kuacha shule na marafiki. Mara nyingine ni nzito zaidi, na huo ndio wakati pekee atakaoisema.

Ninaishi nje ya nchi, au nataka kuhama na mtoto. Inawezekana?

Kuhama wilaya au mkoa ndani ya nchi kunahitaji kumjulisha afisa kwanza, ili jalada la mtoto lihamie katika halmashauri mpya na ziara zisikatike. Kumtoa nje ya nchi bila idhini ni jambo zito. Ndugu aliyeko Nairobi, Muscat au Minneapolis asitume nauli. Aandike kwa afisa wa halmashauri anakoishi mtoto, nyumba yake ichunguzwe na mamlaka za huko, na mahakama iamue. Kenya ina Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 na maafisa wa watoto wanaofanya kazi kama ya maafisa ustawi wa jamii wa kwetu. Tahadhari hii inatokana na ukweli kwamba wapo watoto waliosafirishwa kwa jina la undugu na kuishia kufanyishwa kazi za ndani.

Nikishindwa kuendelea, nifanyeje?

Mwambie afisa mapema, kabla ya siku ya hasira. Kushindwa hutokea: mlezi anaugua, mume anakataa, mtoto anatoroka kila wiki. Afisa anaweza kuongeza ziara, kumtafutia mtoto mshauri nasaha, kumpumzisha kwa mlezi mwingine kwa muda, au kupanga makazi mapya kwa utaratibu. Usimpakie kwenye basi kwenda kwa ndugu mwingine. Huko ndiko watoto hupotea katika kumbukumbu za serikali, na hakuna anayejua wanalala wapi.

Amri hudumu kwa muda gani, na mtoto hurudije kwa wazazi?

Amri ya matunzo haizidi miaka 3, au hukoma mtoto anapofikisha miaka 18 ikiwa atatimiza umri huo mapema. Amri ya uangalizi haizidi mwaka 1. Katika kipindi hicho afisa anatakiwa kupitia hali ya mtoto mara kwa mara, akishirikiana na wazazi na mlezi. Mtoto, mzazi, ndugu au afisa anaweza kuiomba mahakama iifute amri, na mahakama itataka kuona kilichobadilika: matibabu ya ulevi, mtu aliyemuumiza mtoto kuondoka, makazi kupatikana. Kurudi kufanyike hatua kwa hatua, kwa kuonana mchana kwanza, kisha usiku mmoja, kisha likizo ya shule.

Wekeni tarehe ya kuisha kwa amri ukutani. Miezi mitatu kabla, muulize afisa nini kitafuata, kwa sababu amri ikiisha bila mtu kuchukua hatua, wewe unabaki na mtoto bila karatasi, na mzazi anaweza kuja kumchukua hata kama hakuna kilichobadilika.

Je, nimwasili?

Kuasili hutolewa na Mahakama Kuu na hukata kabisa uhusiano wa kisheria kati ya mtoto na wazazi waliomzaa. Kwa ndugu wengi si lazima, hasa mzazi akiwa hai na akiwa na matumaini ya kubadilika. Kwa yatima au mtoto aliyetelekezwa moja kwa moja, inaweza kumpa utulivu wa kudumu. Kabla ya kuomba, ulizia athari zake kwa mirathi, na kwa familia za Kiislamu zungumzeni na masheikh wanaoelewa suala la kafala, yaani kumlea mtoto bila kumfanya mwanao wa nasaba. Malezi ya kambo nayo, yaani kumlea mtoto wa watu wengine bila kumwasili, ni utaratibu mwingine wenye kanuni zake, ambao kwa kawaida hutumika kwa mlezi asiye ndugu.

Nimekuwa nikimlea mjukuu wangu kwa miaka mingi bila amri yoyote. Nifanye nini?

Ikiwa mtoto yuko salama na wazazi wanakubali, huvunji sheria. Hata hivyo, pata barua ya makubaliano mbele ya mwenyekiti au mtendaji, iliyosainiwa na mzazi, na uiache nakala ofisini kwake. Ikiwa mzazi anatishia kumchukua mtoto na kumrudisha kwenye hatari, unaweza kuomba mahakamani upewe malezi yake. Sheria inamruhusu ndugu anayemlea mtoto kuomba. Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 watakusaidia kuandika maombi bila malipo. Na kama unahofia usalama wa mtoto usiku wa leo, piga 116, namba ya Huduma ya Simu kwa Mtoto, ambayo haina gharama.